Jirani alilipwa pesa za ukame, mama yangu hakulipwa. Kwa nini?

Swali: "Mama yangu ni mfugaji karibu na Laisamis, Kaunti ya Marsabit. Katika ukame ule mrefu uliokwisha 2023 alipoteza ngamia wanne na mbuzi wengi, akabaki na mbuzi tisa. Jirani yake ambaye hakupoteza sana alitumiwa pesa za bima kwenye simu. Jirani mwingine hupata pesa za kadi kila baada ya miezi miwili, ukame uwepo usiwepo. Mama aliandikwa na chifu mara mbili, mizoga ikahesabiwa, na kuna kijana aliyemtoza shilingi 500 ili jina lake 'liingie kwenye kompyuta'. Hakuna kilichokuja. Naamini kuna mtu alikula pesa zake. Sasa mawakala wa bima wamerudi, wanamwambia anunue. Mimi niko Nairobi na sijui nianzie wapi. Je, mama haidai serikali fidia ya wanyama wake? Na hiyo bima, anunue au aachane nayo?"

Pole sana, ndugu yangu, na mfikishie mama pole zangu. Ngamia wanne ni maziwa ya miaka na ni usafiri wa boma zima wakati wa kuhama. Barua yako ina maswali mawili: kama mama alidhulumiwa, na afanye nini sasa. Nitayajibu yote, lakini la kwanza halijibiki kabla hatujatenganisha mambo ambayo kijijini yote huwekwa kwenye kapu moja la "pesa za ukame". Kila moja lina ofisi yake, orodha yake na sababu yake ya kulipa. Mtu anaweza kuwa ndani ya moja na nje ya jingine bila yeyote kumwambia.

Nianze na lililo gumu kulisikia. Hakuna sheria ya Kenya inayoilazimu serikali kumlipa mfugaji bei ya mnyama aliyekufa kwa ukame. Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba 2021, tangazo lile lilifungua njia ya misaada. Halikumpa mfugaji yeyote deni la kudai. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokaa na njaa, na hiyo ni haki nzito, ila hutimizwa kwa msaada wa kumwezesha mtu kula. Bei ya ngamia haimo.

Wengi huko kaskazini wanachanganya jambo hili na fidia ya wanyamapori, na siwalaumu. Simba akiua ng'ombe, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inamruhusu mwenye mali kudai: afisa huja, mzoga huangaliwa, fomu hujazwa. Kwa hiyo mizoga ya mama ilipohesabiwa, ilikuwa rahisi kuamini kwamba ni utaratibu uleule. Haukuwa. Hesabu za namna ile hukusanywa kwa ajili ya ripoti, na kwa ripoti hizo ndipo taifa lilipojua kwamba mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa katika ukame ule wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha. Ni kazi ya maana, kwa kuwa misaada hupangwa kutokana nayo. Lakini aliyemhesabia mama mizoga akaondoka bila kumwambia kwamba hesabu ile haileti malipo alimkosea, hata kama hakukusudia.

Sasa tuzichukue hizo pesa moja moja.

Pesa za kadi anazopata jirani wa pili karibu hakika ni za Mpango wa Kukabili Njaa, ule ambao watu wote huuita HSNP. Ulianza 2009 katika kaunti nne, Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA. Kaya kama 100,000 katika kaunti hizo nne ziliwekwa kwenye kundi la kudumu, zikawa zinalipwa shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili. Kundi hilo hulipwa mvua inyeshe isinyeshe, maana lilikusudiwa kuwashika mkono walio maskini zaidi kila siku. Kwa hiyo jirani huyo hakulipwa kwa sababu ya ukame. Alilipwa kwa sababu siku ya usajili alionekana kuwa na hali mbaya kuliko wengine.

Hapo ndipo penye uchungu ambao wafugaji wengi wananieleza. Usajili mkubwa wa awamu ya pili ulifanyika kuanzia 2013. Wakati huo huenda mama yako alikuwa na ngamia wake wote na mbuzi wa kutosha, kwa hiyo akaonekana ana uwezo. Miaka minane baadaye ngamia wakafa, lakini karatasi ikaendelea kusema yeye ni mwenye mali. Orodha ya umaskini huzeeka haraka sana mahali ambapo utajiri wote hutembea kwa miguu minne, na kuisahihisha nchi nzima ni kazi ya gharama ambayo haifanywi mara kwa mara inavyopaswa. Mimi naona hili ndilo kosa kubwa zaidi katika mpango mzima, kubwa kuliko wizi unaouhofia.

Lakini kuna sehemu ya HSNP ambayo watu wengi hawajawahi kuelezwa, nayo inamhusu mama moja kwa moja. Usajili ule haukuwa wa maskini peke yao. Karibu kila kaya katika kaunti zile nne iliandikwa, ikapangwa kwenye ngazi kuanzia iliyo duni zaidi hadi yenye uwezo, na nyingi zikafunguliwa akaunti ya benki ya Equity hata kama hazikuwa kwenye kundi la kudumu. Lengo lilikuwa kwamba ukame ukizidi, malipo ya dharura yapelekwe upesi kwa kaya za ziada bila kuanza kuandika majina upya.

Kinachoamua ni setilaiti. Kila mwezi hupimwa ukijani wa mimea katika kila kaunti ndogo, kisha hulinganishwa na ukijani wa mahali palepale, kipindi kilekile, katika miaka iliyopita. Alama ya 35 hadi 50 ni hali ya kawaida. Kati ya 20 na 35 ni ukame wa wastani, kati ya 10 na 20 ni mkali, na chini ya 10 ni wa kupindukia. Kwa mwongozo wa awamu ya pili, kaunti ndogo ikiangukia kwenye ukame mkali, malipo hupanuliwa hadi kufikia nusu ya kaya zake. Ikiangukia kwenye ule wa kupindukia, hadi robo tatu. Kaya za ziada huchukuliwa kwa kufuata ngazi ile ya usajili, na kila moja hupewa malipo ya mwezi mmoja, shilingi 2,700 kwa viwango vya wakati ule. Mwezi unaofuata hupimwa upya.

Tazama basi jinsi mtu anavyoweza kukosa. Anaweza kuwa juu kwenye ngazi, ndani ya ile robo isiyofikiwa. Anaweza kuwa amefikiwa, lakini akaunti haikukamilika kwa sababu jina la kitambulisho halikulingana na lililoandikwa. Na anaweza kuwa amelipwa, lakini pesa zikakaa kwenye akaunti ambayo hajui kwamba ipo. Hili la mwisho nakuomba ulichunguze kabla ya kumshuku mtu. Mama achukue kitambulisho chake, na kadi ya zamani kama bado ipo, aende kwa wakala wa benki au tawini Marsabit mjini, aulize mambo mawili: je, kuna akaunti kwa nambari ya kitambulisho hiki, na je, iliwahi kuingizwa pesa? Sikuahidi kwamba atakuta kitu. Nasema tu kwamba hapo pana jibu la kweli, tena halina gharama zaidi ya nauli.

Tuje kwa jirani wa kwanza, aliyelipwa bima bila kupoteza sana. Hapa ndipo watu hukasirika zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Bima hii haihesabu mizoga na haijali ni mnyama gani amekufa. Ilibuniwa na watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, pamoja na washirika wao, na iliuzwa kwa mara ya kwanza hukohuko Marsabit, Januari 2010. Sababu ya kuitengeneza hivyo inaeleweka: kumtuma mkaguzi Kargi, kisha Korr, kisha Loiyangalani, aone mzoga wa kila mbuzi na kuthibitisha umekufa kwa nini, kungegharimu kuliko mbuzi wenyewe. Kwa hiyo badala ya mnyama hupimwa malisho, kwa setilaiti, katika eneo zima. Ukijani wa msimu ukishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kila mwenye bima katika eneo hilo hulipwa kwa kadiri malisho yalivyopungua na kwa idadi ya mifugo aliyoiwekea bima. Ni kama kupima homa ya kijiji kizima kwa kipimajoto kimoja: husema kweli kuhusu kijiji, lakini si lazima iwe kweli ya kila mgonjwa.

Mwanzoni mkataba ulijaribu kukadiria vifo, na malipo yalikuja mwisho wa kiangazi, wakati mizoga imekwisha kuanguka. Baadaye ukabadilishwa ili malipo yaje mapema, mnyama angali hai, mfugaji anunue nyasi kavu, maji na dawa. Serikali ilipoanzisha Mpango wa Bima ya Mifugo, KLIP, Oktoba 2015 katika Turkana na Wajir, kisha ukaenea hadi kaunti nane ikiwemo Marsabit, ulifuata njia hii ya pili. Kipimo kimoja cha mifugo kilikuwa ng'ombe mmoja, au mbuzi na kondoo kumi. Ngamia mmoja alihesabiwa kama kipimo kimoja na sehemu nne za kumi. Serikali ililipa ada yote ya vipimo vitano kwa kila kaya iliyochaguliwa. Malipo ya juu kabisa yalikuwa shilingi 14,000 kwa kipimo kwa mwaka, yaani 70,000 kwa vipimo vitano. Shilingi 14,000 hainunui ng'ombe. Ilikokotolewa kama gharama ya kumweka ng'ombe hai mpaka mvua irudi.

Sasa rudi kwa jirani. Wewe unaona ajabu kwamba alilipwa ingawa hakupoteza sana. Mimi nakuomba uligeuze: inawezekana hakupoteza sana kwa sababu alilipwa, akanunua marobota ya nyasi wiki zilezile mama alipokuwa akisubiri. Uchunguzi uliofanywa Marsabit baada ya ukame wa 2011 uliona jambo la aina hiyo. Kaya zenye bima hazikuuza mifugo yao kwa bei ya kutupa kama nyingine, wala hazikupunguza milo kwa kiasi kilekile.

Nani aliingia KLIP? Ililenga kaya zenye angalau vipimo vitano vya mifugo ambazo hazikuwa zikipata pesa za HSNP, na kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, wengi waliostahili waliachwa. Februari 2017, malipo yalipotangazwa kuwa makubwa kuliko yote yaliyotangulia, kaya zaidi ya 12,000 ziligawana shilingi milioni 214, wastani usiofika 18,000 kwa kaya. Weka kiasi hicho kando ya idadi ya wafugaji wa kaunti hizo, utaona kwamba kukosa ndiko kulikokuwa kawaida. Baadaye ulikuja mradi wa DRIVE, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu 2022 kwa Djibuti, Ethiopia, Kenya na Somalia. Huu si wa bure: mfugaji hulipa sehemu ya ada, na ruzuku hulipa sehemu iliyo kubwa. Nadhani hao mawakala waliorudi kwa mama wanauza bima ya namna hii, lakini waulizwe waziwazi.

Anunue? Nitakuambia ninavyopima, kwa sababu wakala hatakuambia upande mbaya na jirani mwenye hasira hatakuambia ule mzuri.

Kwanza ubaya wake. Eneo moja la bima ni kubwa mno. Mvua inaweza kunyesha miteremko ya Mlima Kulal na isifike tambarare, lakini kipimo kikatoka kimoja. Mifugo huhama: mbuzi wakipelekwa Samburu, bima hubaki ikipima majani ya mahali mama alipoandikishwa. Setilaiti huona ukijani, haionji. Mathenge, ule mti wa miiba uliosambaa, ni kijani hata nyasi zikiisha kabisa. Kisha kuna kifo kibaya kuliko vyote, ambacho wafugaji wanakijua vizuri kuliko sisi wataalamu: mvua ya kwanza baada ya ukame. Mbuzi aliyebaki ngozi na mifupa hunyeshewa usiku mmoja, akafa kwa baridi, na asubuhi nchi inaanza kuchipua. Kwa setilaiti hiyo ni habari njema. Bima hailipi, na malipo ya dharura ya HSNP yanaelekea kusimama. Ugonjwa na wizi wa mifugo pia haumo. Watafiti waliopima jambo hili Marsabit walikuta kwamba sehemu kubwa ya hatari inabaki mabegani mwa mfugaji hata akiwa na bima. Anayesema bima hii "inafidia mifugo" anauza kisichokuwepo.

Uzuri wake ni kwamba ukame ukipiga eneo zima, kama ule wa misimu mitano, ndipo inapolipa, na ndipo hakuna jirani wala ndugu mwenye cha kukusaidia. Kiwango cha kuanza kulipa huwekwa kwa misimu mibaya ya kadiri ya mmoja kati ya mitano. Kwa hiyo mama ajue tangu mwanzo kwamba atalipa ada misimu mingi asione chochote, na hiyo haitakuwa dhuluma. Kwa bei kamili, kwa mtu aliyebakiwa na mbuzi tisa, ningemwambia asinunue: mbuzi tisa hawafiki hata kipimo kimoja, na pesa hiyo ingefaa zaidi kununulia mbuzi jike. Kwa bei ya ruzuku hesabu hubadilika. Akiweza kulipa bila kuuza mnyama na bila kukopa, ni kinga ya maana kwa wale wa kuzaa, ambao wakifa boma halisimami tena. Alazimike kuuza mbuzi mmoja ili awawekee bima wanane, basi asubiri mpaka kundi likue.

Kabla hajatoa pesa, wakala amjibu haya mbele ya mtu anayesoma: kampuni ya bima inaitwaje, eneo la mama kwenye ramani ya bima ni lipi, linaanzia wapi na kuishia wapi, ada kamili ni ngapi na ruzuku ni ngapi, malipo ya juu kwa kipimo kimoja ni shilingi ngapi, na eneo hilohilo lililipwa lini mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu wakala wa kweli anaweza kulijibu au kulitafutia jibu, na wa uongo hubadilisha mazungumzo. Kwa desturi bima hii huuzwa kabla ya misimu ya mvua, Januari na Februari, halafu Agosti na Septemba. Anayeiuza nje ya miezi hiyo atiliwe shaka. Kwa wasomaji Waislamu wanaoniuliza kuhusu riba, ipo pia ya takaful, yaani bima inayofuata sheria za Kiislamu. Imeuzwa Wajir tangu 2013.

Nisiwasahau wakulima wa mahindi wa Embu, Bungoma na Nakuru, ambako bima ya mazao yenye ruzuku ya serikali ilianza 2016. Yenu nayo hupima eneo. Badala ya setilaiti, mavuno ya mashamba ya sampuli hupimwa na wastani wake hulinganishwa na wa miaka iliyopita. Shamba lako likikauka peke yake katikati ya eneo lililovuna, hakuna malipo, na mengi niliyoyasema juu yanawahusu.

Pesa za kaunti nitazipitia haraka, kwa sababu hazielekei kumfikia mama kama fedha taslimu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kila kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia mbili ya mapato yake. Hutumika kwa maboza ya maji, chakula, nyasi kavu, chanjo. Orodha ya chifu mara nyingi ni ya msaada wa aina hii, na kuandikwa humo hakumwingizi mtu HSNP wala kwenye bima. Ni haki yake kuuliza kila anapoandikwa: orodha hii ni ya nini, na inakwenda ofisi gani?

Je, kuna aliyekula pesa za mama? Sitakuambia haiwezekani. Majina hubadilishwa, simu ya mtu mwingine huandikwa mahali pa ya mwenyewe, kadi za wazee hushikwa na wenye maduka kama rehani ya deni. Lakini kutokana na uliyonieleza, ushahidi ulio wazi ni mmoja tu, ile shilingi 500. Usajili wa mipango hii ni bure. Kama kijana yule ni mtumishi wa umma au alijifanya hivyo, ripoti inaweza kupelekwa kwa tume ya kupambana na ufisadi, EACC, na naibu wa kamishna wa kaunti aambiwe. Mama asione haya. Waliotozwa hivyo ni wengi, na wakiripoti pamoja husikilizwa zaidi.

Kuhusu mengine, usianze na shutuma, anza na maswali ya maandishi. Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika akienda kusema kwa mdomo, afisa anapaswa kumwandikia. Kuomba hakulipiwi. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Andikieni NDMA Marsabit: je, kaya yenye kitambulisho nambari hii imesajiliwa, iko kundi gani, na kati ya 2021 na 2023 iliwekwa kwenye malipo ya dharura, mwezi gani, kupitia akaunti ipi? Msiombe majina ya majirani. Hayo hayatatolewa na yataleta uhasama. Siku zikipita kimya, peleka nakala kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile iitwayo Ombudsman. Kama mgogoro ni wa bima, kampuni kwanza, kisha Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

Mambo mengine hayamaliziki kwa barua wala kwa simu kutoka Nairobi. Kama kitambulisho cha mama kina jina lililoandikwa tofauti na lililo kwenye kadi, au alama za vidole vyake hazisomeki tena kwenye mashine, jambo la kawaida kwa mikono iliyokamua na kuchota maji miaka mingi, lazima aende mwenyewe, na ingefaa mmoja wenu amsindikize. Ofisi ya NDMA ya kaunti iko Marsabit mjini; barabara ya lami kutoka Laisamis imeirahisisha safari hiyo. Aombe pia hali ya kaya yake iangaliwe upya wakati wa usajili mwingine, akieleza wanyama waliokufa. Na kama hivi sasa nyumbani kuna upungufu wa chakula, hasa kama analea wajukuu, msingoje siku 21 za mtu yeyote: watoto wapelekwe zahanati wapimwe, na mzee wa kijiji na chifu waambiwe leo.

Jambo moja unaloweza kulifanya jioni hii ni kumpigia mama na kumwuliza ni nambari gani ya simu iliyoandikwa alipokuwa akisajiliwa, miaka ile na baadaye. Kwa wazee wengi huwa ni ya mtoto aliye mjini, na laini ile labda ilishakufa au iko kwa mtu mwingine. Kama ni ya zamani ya kwako, iandike kwenye barua ya NDMA pamoja na mpya, na uombe ibadilishwe.